Kazi ya Eksirei: Vijana Wanaionaje, na Ukweli Ni Upi?

Dominika moja mwaka jana, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya ya jirani alinisubiri chini ya mti nje ya kanisa. Alikuwa na bahasha mkononi. Binti yake alikuwa amechaguliwa kusoma stashahada ya radiografia, yaani kazi ya kupiga picha za eksirei hospitalini. Fedha za ada ya kuanzia zilikuwa zimekwisha kupatikana kwa kuuza ng'ombe, lakini baba wa nyumba alikuwa amekataa katakata.

"Anasema watu wa eksirei hawazai," mama aliniambia. "Na binti mwenyewe naye hana moyo. Anasema wenzake wameitwa uuguzi na uganga, yeye ameitwa kubonyeza kitufe. Zimebaki siku tisa aripoti chuoni. Mzee, wewe umeifanya kazi hiyo mpaka umestaafu. Njoo utuambie kweli."

Nilikwenda jioni ile ile. Mengi niliyowaambia ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu najua familia ile haiko peke yake. Kila mwaka majina ya waliochaguliwa yanapotangazwa, nyumba nyingi hukaa kikao cha namna hii, na mara nyingi hukata shauri kwa maneno ya kusikia tu.

WANAFUNZI WANASEMA NINI

Tangu nistaafu nimealikwa mara kadhaa kuzungumza na wanafunzi wa vyuo, wengi wao wakiwa mwaka wa kwanza na bado hawajatulia katika masomo waliyoyachagua. Kabla sijasema lolote huwagawia vipande vya karatasi na kuwaomba waandike, bila jina, jambo moja wanalofikiri juu ya kazi ya eksirei. Vipande hivyo ninavyo mpaka leo.

Wengi huandika hatari: mionzi, saratani, utasa, upara. Wengine huandika kwamba ni kazi ya mpiga picha, kama yule wa kwenye harusi, isipokuwa huyu hupiga mifupa. Yuko aliyeandika, "Ni ya waliokosa udaktari." Yuko aliyeandika, "Kukaa gizani siku nzima," na huyo bila shaka alisimuliwa na mtu wa umri wangu, maana sisi kweli tulisafisha filamu kwa dawa katika chumba cha giza, hali siku hizi hospitali nyingi zina mashine za kidijitali na picha hutokea kwenye kioo cha kompyuta baada ya sekunde chache. Miaka ya karibuni wameanza kuandika jambo jipya: "Kompyuta itaichukua."

Lakini kipande kilichonifikirisha kuliko vyote kilikuwa na maneno haya: "Sikujua kama hiyo ni kazi ya mtu peke yake. Nilidhani daktari ndiye anayepiga." Nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kijana haidharau kazi hii hasa, haioni. Mgonjwa aliyelazwa hukaa na muuguzi siku tatu au nne, akajua jina lake na kijiji chake. Kwetu huingia dakika kumi, tena akiwa na maumivu, akatoka na bahasha au bila hiyo. Anayemsomea majibu ni daktari. Basi mtoto anayekua akisema "nataka kuwa nesi" amemwona nesi. Wa eksirei hakumwona, na nafasi hiyo tupu hujazwa na hofu za mtaani.

JE, WATU WA EKSIREI HAWAZAI?

Hofu hii haikutoka hewani. Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa fizikia huko Würzburg, Ujerumani, aliigundua mionzi hii tarehe 8 Novemba 1895. Kabla ya Noeli ya mwaka ule alikuwa amekwisha kupiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikionekana pamoja na pete yake. Dunia ilishangilia. Watu waliichezea mionzi kama kitu cha maonyesho, wakajaribu mashine kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele yake mara nyingi kila siku, bila kinga ya aina yoyote.

Waliolipa walikuwa wafanyakazi. Huko Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, aliungua mikono, akakatwa kidogo kidogo, na mwaka 1904 akafa. Edison mwenyewe aliogopa, akaacha kabisa utafiti wa eksirei. Marie Curie, aliyetumia maisha yake kuchunguza madini yenye mionzi, alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi hiyo. Huko Hamburg, Ujerumani, mwaka 1936 ulijengwa mnara wenye majina zaidi ya 150 ya madaktari, mafundi na watawa wauguzi waliokufa kwa mionzi katika kazi hii. Kwa hiyo baba anayeogopa hasemi upuuzi. Anasema jambo lililokuwa kweli zamani, kabla watu hawajajifunza.

Sasa tuone walijifunza nini. Kwanza, mashine ya eksirei ni kama kurunzi. Ukiiwasha inatoa mionzi. Ukiizima hakuna mionzi inayobaki, si chumbani, si kwenye shuka, si mwilini mwa mgonjwa. Mtaalamu anapobonyeza kitufe mionzi hutoka kwa sehemu ndogo ya sekunde, basi. Wako akina mama waliokataa kunyonyesha watoto wao siku waliyopigwa picha ya kifua wakiogopa maziwa yamechafuka. Hayachafuki. Mama anyonyeshe mara atokapo chumbani.

Pili, mionzi hupimwa, kama vile dawa inavyopimwa kwa kijiko. Kipimo chake huitwa milisiveti. Hata asiyewahi kufika hospitali hupata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani, katika chakula na katika hewa, na wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa sehemu ndogo sana ya milisiveti moja. Kipimo cha CT-skani cha tumbo ni kikubwa zaidi, chaweza kufika milisiveti 10 hivi, na ndiyo maana hakifanywi kwa kutaka tu. Na mfanyakazi? Viwango vya kimataifa vinasema asizidishe wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 anayejifunza kazi hii asizidishe 6. Kwa kweli wengi wanaofanya kazi katika chumba cha kawaida cha eksirei hawafikishi hata 2 kwa mwaka mzima. Ili mbegu za mwanamume zipungue kwa muda, mionzi inabidi ifike kama 150 kwa mara moja, tena ielekezwe sehemu hizo zenyewe. Na utasa wa kudumu, kwa mwanamume au mwanamke, huhitaji maelfu. Msomaji aweza kupiga hesabu mwenyewe.

Mfanyakazi hupata kidogo hivyo kwa njia tatu ambazo mwanafunzi huimbishwa tangu wiki ya kwanza: muda, umbali na kinga. Asikae kwenye mionzi muda mrefu kuliko inavyolazimu. Asimame mbali, kwa maana ukiuzidisha umbali mara mbili mionzi hupungua hadi robo. Na asimame nyuma ya ukuta au kioo chenye madini ya risasi, au avae aproni nzito ya risasi pale inapombidi kuwa karibu. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba, mashine ikiwa nzima, mionzi inayomfikia mfanyakazi hasa ni ile inayogonga mwili wa mgonjwa na kutawanyika, kama maji ya bomba yanavyoruka yakigonga jiwe. Ndiyo maana tunawaomba ndugu watoke nje. Si kwamba tunawafukuza.

Niongeze la maziwa, maana huulizwa kila mara. Husemwa kwamba watu wa eksirei hunywa maziwa ili yasafishe mionzi mwilini. Maziwa ni chakula kizuri na mimi nayapenda, lakini hayaondoi mionzi. Aliyekaa nyuma ya ukuta hana cha kusafisha, na aliyepigwa na mionzi bila kinga hataokolewa na lita kumi.

BABA ALIPOINGIA CHUMBANI

Haya yote nilimweleza baba wa binti akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Maneno ni mazuri, mzee, lakini mimi nataka nione." Nikaona amesema vema. Kesho yake tulikwenda wote wanne kwenye hospitali ya karibu, na mkuu wa chumba, ambaye nilimfundisha kazi miaka ya nyuma, alitukubalia tusimame nyuma ya kioo pasipo mgonjwa ndani.

Aliyekuwa zamu ni msichana. Baba alimtazama kwa muda, halafu akauliza bila kuzunguka: "Binti, samahani, una watoto?"

"Wawili, baba," alijibu akicheka, "na wa tatu yuko njiani."

Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Akamwonyesha beji mbili: moja kifuani, na nyingine kiunoni ambayo huivaa chini ya aproni ili ipime kinachomfikia mtoto. Mwanamke wa kazi hii akijitambua mjamzito humwarifu mkuu wake mapema, na tangu hapo kazi yake hupangwa ili mtoto tumboni asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa muda wote wa mimba uliosalia. Hasukumwi nje ya kazi. Huhamishwa, kwa mfano, kwenye ultrasaundi, ambayo haitumii mionzi ya eksirei kabisa bali mawimbi ya sauti.

Kisha baba akauliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na wanafunzi wa vyuo: "Na hiyo beji anayeisoma ni nani?"

Hapa Tanzania beji hukusanywa kila baada ya miezi kadhaa na kupelekwa Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Huko husomwa na majibu hurudishwa hospitalini kwa jina la kila mtu. Tume hiyo hiyo hukagua vyumba na mashine na kutoa leseni. Mfanyakazi ana haki ya kuyaona majibu yake.

Sasa nitasema na lile lisilopendeza, kwa kuwa mama aliniomba kweli. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo beji zilikaa kwenye droo mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeona haraka ya kuzipeleka. Mlango wa chumba haukufungika vizuri. Aproni moja ilikuwa imepasuka ndani, kwa kuwa ilikunjwa badala ya kutundikwa, na ufa wa namna hiyo hauuoni kwa macho mpaka uipige picha aproni yenyewe. Tulipolalamika tuliambiwa tuna uoga. Mahali pa namna hiyo hofu ya baba ina haki yake. Tena hata kiasi kidogo cha mionzi huhesabiwa kuwa chaweza kuongeza kidogo uwezekano wa saratani, ndiyo maana kanuni haisemi tu "usipite kiwango" bali "pata kidogo iwezekanavyo". Kwa hiyo mzazi asiulize kama kazi ina mionzi. Aulize kama chuo kinampa mwanafunzi beji yake mwenyewe anapokwenda mafunzo ya vitendo, na kama majibu husomwa.

KUBONYEZA KITUFE

Tukirudi nyumbani, baba alikuwa amenyamaza kwa namna ya mtu aliyekubali. Aliyebaki ni binti. Nikamwuliza: "Wewe ukipewa kitufe sasa hivi, na mbele yako amesimama bibi wa miaka sabini anayekohoa, utafanya nini?" Akasema, "Nitabonyeza." Nikamwambia basi daktari atapata picha ya bure.

Kwa picha ya kifua, bibi husimama kifua kikigusa bamba la kupokea picha, kidevu juu, mikono kiunoni, na mabega huyasukuma mbele. Kwa nini? Kwa sababu kombe za mabega zikibaki mahali pake zitafunika mapafu, na penye kifua kikuu pataonekana kama mfupa. Mashine huwekwa umbali wa sentimita 180 hivi. Kwa nini mbali hivyo? Chukua taa ya chemli usiku uweke mkono mbele yake: ukiusogeza mkono karibu na taa, kivuli ukutani huwa kikubwa. Moyo nao ni hivyo. Mgonjwa akipigwa kwa karibu, tena kutoka mbele akiwa amelala kitandani, moyo wake hutokea mkubwa kuliko ulivyo, na daktari asipoambiwa aweza kumwandikia dawa za moyo mtu mzima kabisa. Kisha bibi avute pumzi, aishikilie, mapafu yashuke. Asipoivuta vizuri, mapafu hutokea yamejikunja kama ya mgonjwa. Na bibi huyo huenda hasikii vizuri, huenda anajua Kisukuma tu, huenda ameona aibu kuvua khanga mbele ya kijana wa kiume. Yote hayo ni kabla ya kitufe.

Mfupa uliovunjika hupigwa angalau mara mbili, kutoka mbele na kutoka ubavuni, kwa maana ufa ukitazamwa upande mmoja tu waweza kujificha. Mguu ukiumia chini ya goti, kiungo cha juu na cha chini huonyeshwa vyote viwili. Alama ya kulia au kushoto lazima iwekwe. Ikikosewa, daktari wa upasuaji aweza kufungua upande mzima. Mwanamke wa umri wa kuzaa huulizwa kuhusu siku zake kabla hajapigwa tumbo au nyonga, na huulizwa kwa siri na heshima, siyo kwa kupaza sauti mlangoni. Mtu mnene na mtoto mchanga hawapewi mionzi sawa. Fundi huchagua nguvu ya kupenya na wingi wake kwa kila mwili. Picha ikiharibika itarudiwa, na kurudia ni kumpa mgonjwa mionzi mara mbili kwa kosa lako.

Nimewahi kumpiga picha mtoto aliyeanguka kwenye mwembe, analia asiguswe. Nilitumia robo saa nikimpiga picha mwanasesere wake kwanza. Mama yake alidhani ninachezea muda wa serikali. Lakini picha ilitoka mara moja, haikurudiwa.

JE, NI KAZI YA ALIYEKOSA UDAKTARI?

Watu huchanganya kazi mbili. Daktari bingwa wa radiolojia ni daktari aliyesoma udaktari kwanza, kisha akasomea kusoma picha na kuandika majibu yake. Mtaalamu wa radiografia ndiye anayepiga picha, anayelinda usalama wa mionzi na kuijua mashine. Mmoja hawezi kazi ya mwenziwe, na daktari mwenye picha mbaya hana cha kusoma. Hapa nchini taaluma hii ina sheria yake, ya mwaka 2007, na baraza lake linalosajili wataalamu. Asiyesajiliwa haruhusiwi kuifanya.

Wala hukwami kwenye eksirei ya mifupa maisha yote. Anayeanza na stashahada aweza kuendelea hadi shahada na zaidi, akaenda kwenye CT-skani, kwenye ultrasaundi ya wajawazito, au kwenye MRI, ambayo hutumia sumaku kubwa wala haina mionzi ya eksirei, ingawa ina hatari yake: kiti cha chuma kikiingizwa chumbani chaweza kuruka hadi kwenye mashine. Wako pia wanaosomea kutibu saratani kwa mionzi, kama inavyofanyika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali ya Bugando, Mwanza. Hao huonana na mgonjwa mmoja kila siku kwa wiki kadhaa, na wao hawawezi kulalamika kwamba mgonjwa hawajui.

Kuhusu wanaosema ni kazi ya wanaume, nitasema kwa ufupi. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 Marie Curie alipeleka magari yenye eksirei karibu na uwanja wa vita huko Ufaransa, na wanawake wapatao 150 walifundishwa kuendesha mitambo ya namna hiyo. Kama waliweza wakati ule, na mitambo ile, sioni la kubishana.

Na kompyuta? Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mwanasayansi mashuhuri wa kompyuta, alisema hadharani kwamba haifai tena kufundisha madaktari wapya wa kusoma picha, kwa kuwa ndani ya miaka michache mashine itawashinda. Miaka imepita na hospitali bado zinawatafuta madaktari hao. Hata hivyo mambo yanabadilika kweli. Mwezi Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zaweza kutumika badala ya msomaji kuchuja picha za kifua za watu wa miaka 15 na kuendelea wanaopimwa kifua kikuu. Mimi nalifurahia, maana zahanati nyingi hazina daktari wa kusoma. Lakini programu husoma picha iliyopigwa. Haimsimamishi bibi, haimwambii avute pumzi. Kadiri inavyokuwa rahisi kusoma, ndivyo picha nyingi zaidi zitakavyotakiwa, na mpigaji lazima awepo.

Kinachonitia wasiwasi ni kinyume chake. Kuanzia mwaka 2021 serikali ilinunua mashine nyingi, zikiwemo CT-skani kwa hospitali za rufaa za mikoa. Mashine hununuliwa kwa siku moja; mtu hufundishwa miaka mitatu. Nimeona mahali penye mashine nzuri na fundi mmoja tu. Siku fundi huyo akiugua au akifiwa, chumba hufungwa kufuli, na aliyevunjika nyonga hupandishwa kwenye gari kwenda mji mwingine kwenye barabara ya mashimo.

MZAZI AFANYE NINI

Stashahada huchukua miaka mitatu. Anayeomba kutoka kidato cha nne hutakiwa awe amefaulu masomo ya sayansi, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa hiyo binti anayekimbia Fizikia kidato cha pili anajifungia mlango huu bila kujua. Vyuo vyenye kozi hii ni pamoja na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na chuo kikuu cha Kanisa kilichoko Bugando. Kabla ya kulipa popote, tazameni kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET mhakikishe chuo na kozi vimo, kwa kuwa wako matapeli. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa mikopo pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, za afya zikiwemo. Ulizeni kama kozi ya mtoto wenu imo katika orodha ya mwaka huo.

Tena mpelekeni kijana akaone, kama baba yule alivyotaka. Ombeni kwa mkuu wa hospitali, siku isiyo na msongamano. Akishaona bado hapendi, msimlazimishe. Asiyependa watu atawaumiza wagonjwa mezani hata kama ana alama za juu.

Binti yule aliripoti chuoni zikiwa zimebaki siku mbili. Baba ndiye aliyembebea sanduku hadi kituo cha basi. Baada ya wiki sita alinipigia simu akilalamika. "Shikamoo babu," alisema. "Tangu tufike ni mifupa ya mkono, majina yake yote, na kupangana wenyewe kwa wenyewe mezani, kiganja hivi, kiwiko hivi. Kitufe chenyewe hata hatujakigusa."